Mkufunzi Aliyegeukia Ukuta

Siku ya kwanza chuoni, mkufunzi alipoingia, darasa zima lilisimama na kumwamkia. Scholastica naye alisimama na kusema shikamoo pamoja na wenzake, ingawa kijana aliyeingia angeweza kuwa mwanawe. Kijana akaitikia, akawaruhusu kukaa, akaweka chaki mezani. Kisha akatembea hadi kwenye dawati la dirishani alipokaa Scholastica, akainama kidogo na kusema, "Shikamoo mama."

Darasa likacheka. Scholastica hakujua ajibu kama mama au kama mwanachuo.

"Marahaba, mkufunzi," alisema, na hapo wakacheka zaidi.

Kijana huyo aliitwa Stephano, mtu wa Mtae. Alifundisha somo la michezo na ubunifu katika chuo kidogo cha ualimu wa awali, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Scholastica alikuwa mke wa Kornelio, mkulima wa kabichi na viazi huko Lukozi. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha watoto wa chekechea katika chumba cha kigango chao. Hakuwa na cheti. Alikuwa na kidato cha nne, sauti ya kuimba, na uvumilivu wa kufunga kamba za viatu vya watoto wa watu. Kisha kamati ya kigango ikaamua kwamba mwalimu wa watoto lazima awe amesomea. Padre alimweleza kwa upole kwamba nafasi yake ingeshikwa na mtu wa muda kwa miaka miwili, na kwamba asiporudi na cheti, watatafuta mwalimu mwingine.

Kwa hiyo alikwenda chuoni kwa ajili ya cheti, na hakutarajia kurudi na kingine chochote.

Kitu cha kwanza kilichomsumbua kilikuwa jina lake. Lukozi alikuwa Mama Janeth, kwa jina la binti yake wa kwanza, na kabla ya hapo alikuwa mke wa Kornelio, na kabla ya hapo binti wa mzee fulani wa ng'ambo ya bonde. Chuoni walimwita Scholastica, na wiki ile ya kwanza alichelewa kuitika kila mara, akisubiri huyo Scholastica ajitokeze. Kijana mmoja mtundu wa darasa lake, Zuberi, akalikata jina likawa Mama Sko. Hilo aliliitikia haraka.

Kitu cha pili kilikuwa kusimama mbele ya watu wazima. Mbele ya watoto hakuwahi kuogopa, lakini alipopewa zamu ya kuwasilisha kazi ya kikundi, alishika pindo la kanga yake na kuzungumza akiangalia chini mpaka mwisho. Alipomaliza, Asha, msichana wa Soni aliyekaa naye dawati moja, alimwambia, "Mama Sko, sakafu imeelewa. Sasa tuambie na sisi."

Alirudia yote, akiwatazama. Ilikuwa kama kutembea juu ya gogo lililolazwa mtoni, lakini alifika ng'ambo.

Baada ya hapo alianza kunyoosha mkono. Siku moja Stephano alifundisha kwamba mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe aandike. Scholastica akasimama na kusema hapana, mtoto wa hivyo hurekebishwa mapema, yeye mwenyewe amewarekebisha wengi. Stephano hakukasirika. Alimuuliza hao wengi walikuwaje walipobadilishwa mkono, kama waliendelea kupenda kuandika. Scholastica akafungua mdomo kujibu, akawaona watoto wale akilini mwake mmoja mmoja, akaufunga. Wiki iliyofuata alinyoosha mkono tena, akasema amefikiri na ameona kwamba amekosea. Darasa likapiga makofi. Kilichomshangaza yeye ni kwamba kushindwa hakukumuuma. Alitoka darasani akitamani mabishano mengine, na alikuwa na miaka zaidi ya arobaini bila kujua kwamba anapenda kubishana.

Likizo alipokwenda nyumbani, Kornelio naye aliyaona mabadiliko hayo.

"Siku hizi ukiambiwa kitu unauliza kwa nini," alisema.

"Inakuudhi?"

"Inanichelewesha shambani."

Lakini alisema hivyo akiwa amekaa, chai mkononi, na hakuonyesha haraka ya kuondoka.

Janeth, binti yao, alikuwa akiuza katika duka la pembejeo huko Soni. Baadhi ya Jumamosi alipanda Lushoto kumletea mama yake parachichi, magimbi na sabuni. Mara ya kwanza hakujua njia ya bwenini, na Stephano alimsindikiza akiwa amembebea kikapu. Mara ya pili Janeth alikuwa ameshaijua njia vizuri, lakini Stephano alimsindikiza tena. Scholastica aliwaambia wenzake bwenini kwamba mkufunzi yule amelelewa vyema, anaheshimu sana wazee. Asha alimtazama kwa muda, akaendelea kusuka nywele.

Mwaka wa pili, Jumamosi moja asubuhi, simu ililia Scholastica akiwa bombani anafua. Aliyepiga alikuwa wifi yake, Secilia, dada mkubwa wa Kornelio. Katika ukoo wao hakuna ndoa iliyopita bila shangazi Secilia kukubali.

"Wifi, uko wapi?"

"Chuoni. Nafua."

"Acha kufua, ukae chini. Wamekuja watu wa Mtae na barua. Wanamtaka Janeth. Kaka ameipokea, na mimi nimeipokea. Watu wazuri, wamekuja na adabu zao zote."

Scholastica alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Moyo wake ulijaa furaha kabla hajauliza lolote.

"Kijana ni nani?"

"Mwalimu. Anaitwa Stephano. Wanasema anafundisha chuo huko huko Lushoto. Huenda umewahi kumwona."

Povu la sabuni lilianza kumkauka Scholastica mikononi.

"Wifi?"

"Namjua. Ananifundisha."

"Anakufundisha nini?"

"Michezo."

"Michezo gani?"

"Ya watoto. Kuimba. Kuigiza wanyama. Na kuruka."

"Mbele yake?"

"Mbele yake, wifi. Ndiye anayetoa maksi."

Kwa malezi ya kwao, mama na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mwenzake apite. Vijana wengi siku hizi wamelegeza, lakini Secilia hakuwa amelegeza chochote, na watu wa Mtae aliwasifu kwa sababu hiyo hiyo. Tena jambo hili halisubiri harusi. Linaanza siku barua inapopokelewa. Kwa hiyo hata kumwomba Janeth avute subira mpaka mama amalize chuo kusingesaidia kitu. Barua ilikuwa imeshapokelewa, na kuirudisha ingekuwa kumkataa kijana.

Jumatatu kipindi cha kwanza kilikuwa cha Stephano. Aliposikika mlangoni, Scholastica alijifunika kanga kichwani na kugeukia dirishani. Stephano, ambaye alikuwa amelelewa vilevile, aliingia kiubavu, akaenda moja kwa moja ubaoni, na kipindi kizima aliufundisha ubao. Wanachuo walitazama mgongo wake, wakatazama mgongo wa Mama Sko, wakatazamana.

"Wamegombana?" aliuliza mmoja.

"Wameoana," alisema Zuberi. "Yaani familia."

Kuanzia hapo Zuberi alijipa kazi ya mjumbe. Stephano alikuwa akisema na ubao, "Zuberi, mwambie mwenzako wa dirishani ataje vifaa vya mchezo huu." Scholastica alinong'ona jibu ndani ya kanga, na Zuberi akalitangaza akiliongezea chumvi. Darasa lilifurahi. Scholastica naye alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hakucheka tena. Alikuwa ameacha kunyoosha mkono, maana huwezi kubishana kwa kupitia Zuberi. Hata katika vipindi vya wakufunzi wengine alikaa kimya, kana kwamba kanga ile ilikuwa imebaki kichwani. Maksi zake zilishuka, lakini hazikumuuma kama ule ukimya wake mwenyewe. Mtu aliyekutana naye hapa chuoni, yule Scholastica aliyechelewa kumwitikia, alikuwa anaondoka bila kuaga.

Mbele yake kulikuwa na mtihani usiokwepeka. Katika muhula wa mwisho kila mwanachuo hufundisha somo mbele ya mkufunzi, na asiyefaulu somo hilo hapati cheti. Scholastica alipangiwa kufundisha watoto wa kigango chake mwenyewe, Lukozi. Msimamizi wake alikuwa Stephano.

Alikwenda kwa mkuu wa chuo, mama mmoja mnene wa Tanga mjini, kuomba abadilishiwe. Mkuu wa chuo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Scholastica, pole," alisema. "Lakini huyo mkweo ndiye mkufunzi wangu pekee wa michezo. Nikupe nani, mpishi?"

Habari zilipofika Lukozi, Secilia hakupiga simu. Alisubiri Scholastica aje nyumbani kwa maandalizi ya somo, akaja na kukaa jikoni.

"Mama mkwe anayeruka mbele ya mkwe mimi sijamwona," alisema, "na sioni kwa nini nianze leo. Fundisha wakiwa wamekaa."

"Watoto wa miaka mitano hawakai, wifi."

"Basi watakaa siku hiyo. Na mimi nitakuja nisimame dirishani. Nikiona aibu, barua inarudi Mtae, na nitaipeleka mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kabichi. Scholastica alijua kwamba akitaka kuirudisha ataweza.

Secilia alipoondoka, Kornelio aliingia kutoka nje, ambako bila shaka alikuwa amesikia yote. Alikaa kwenye kigoda alichokuwa amekalia dada yake.

"Wewe unataka nini?" aliuliza.

Katika miaka yao yote swali hilo alikuwa hajaulizwa hivi, peke yake, bila kuambatana na shamba wala watoto. Scholastica aligundua kwamba jibu lilikuwa tayari.

"Nataka Janeth aolewe na Stephano, kwa sababu ni mtu mzuri. Na nataka kumaliza. Si cheti tu. Nataka kumaliza nikiwa yule niliyekuwa mwaka jana."

"Yule wa kuniuliza kwa nini?"

"Huyo huyo."

"Nimeanza kumzoea," alisema, akaenda kufunga ng'ombe.

Hata hivyo Scholastica aliogopa. Aliandika andalio la somo la kuhesabu maharage, watoto wakiwa wameketi mkekani mwanzo hadi mwisho. Alilipeleka chuoni likaguliwe. Siku mbili baadaye Zuberi alilirudisha likiwa na wino mwekundu.

"Mkweo, samahani, mkufunzi," alisema Zuberi, "anauliza mchezo uko wapi. Anasema andalio hili angelirudisha hata kama lingeandikwa na Asha."

Scholastica alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Alifahamu kuhesabu maharage ni somo dhaifu, na alidhani kijana ataelewa sababu na kulipitisha kimya kimya. Kisha, akiwa bado na hasira, kitu fulani ndani yake kilitulia. Stephano hakuwa amemwonea huruma. Kwa kila mtu mwingine alikuwa mama mkwe. Kwa wino mwekundu wa Stephano alikuwa bado mwanachuo aliyeandika andalio baya. Aliketi akaandika lingine, juu ya wanyama, na katikati yake akaweka wimbo wa chura, watoto wote wakiruka katika duara.

Asubuhi ya somo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kigango. Watoto walikuja na masweta na pua zinazochuruzika. Secilia alifika mapema na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akautua chini ya dirisha na kusimama kando yake. Stephano alifika kwa bodaboda, suruali ina matope hadi magotini. Alimwamkia Secilia kwa heshima, akaingia kiubavu, akachukua kiti hadi nyuma ya chumba, akakaa akiwa ameugeukia ukuta. Karatasi zake za maksi aliziweka mapajani.

Scholastica akaanza. Alijifunika kanga, akasimama upande upande, akiutazama mlango. Aliwauliza watoto walitaja wanyama gani jana. Hakuna aliyejibu. Watoto wote walikuwa wamegeuza shingo wanamtazama mtu aliyekaa nyuma.

"Tazameni huku," alisema.

Msichana mmoja, Shamsa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, yule mgeni amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Mbona amepewa adhabu?"

Katika chumba kile, aliyempiga mwenzake au kumnyang'anya chaki hukaa kiti cha nyuma na kuutazama ukuta mpaka hasira zimwishe. Scholastica mwenyewe ndiye aliyeianzisha adhabu hiyo, miaka mingi nyuma, na watoto waliijua kuliko sala.

"Hajapewa adhabu," alisema.

"Basi ageuke," alisema Shamsa.

"Ageuke," walisema wengine, na mvulana mmoja mwenye sweta la kijani akaongeza kwa huruma, "Mwalimu, msamehe. Amechoka."

Mgongo wa Stephano ulianza kutikisika. Scholastica aliona kwamba anacheka na anajizuia. Akatazama dirishani, wifi yake yuko pale, uso hausemi kitu. Akatazama watoto. Hawa walikuwa wanamsubiri mwalimu wao awaambie ukweli, na ukweli ni kwamba hapakuwa na mkosaji chumbani mle. Alivuta kanga kutoka kichwani na kuifunga kiunoni.

"Mwalimu Stephano," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo tangu barua ipokelewe. "Geuka. Darasa hili mgeni hatazami, anacheza. Ingia kwenye duara."

Stephano aliinuka. Aligeuka akiwa ameshusha macho, akaweka karatasi kwenye kiti, akaja kusimama kati ya Shamsa na mtoto wa sweta la kijani.

"Chura yuko wapi?" aliimba Scholastica.

"Yuko bwawani," waliitikia watoto.

"Anakwendaje nyumbani?"

Akachuchumaa, akaruka. Magoti yalilia. Akaruka tena, na mara ya tatu hakufikiri tena juu ya magoti wala juu ya nani anatazama. Watoto wakamfuata, duara likazunguka, vumbi likainuka. Stephano, mrefu kupita wote, aliruka mara mbili vizuri, mara ya tatu suruali yenye matope ikambana, akaanguka chali katikati ya duara na miguu ikabaki juu. Watoto wakapiga kelele za furaha na kumlalia.

Kicheko cha kwanza cha mtu mzima kilitoka dirishani. Secilia alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, analia machozi ya kucheka, anasema kwa Kishambaa maneno ambayo Scholastica hakuyasikia yote.

Somo liliendelea mpaka mwisho wake. Watoto walitaja wanyama, walichora, mmoja akilia kwamba mkono unamtetemeka, walinawa mikono, wakaenda kunywa uji. Ndipo Scholastica alipotoka nje, magoti yakiuma, kwenda kumsikia wifi yake. Alisimama mbele yake bila kanga kichwani na hakuikumbuka.

Secilia alikuwa amejifuta uso. "Nilikuja kuangalia aibu," alisema. "Nimeiona. Mkwe ameanguka mbele ya mama mkwe, miguu juu, mchana kweupe. Hiyo ina faini."

"Wifi..."

"Kuku mmoja. Mkubwa. Atamleta siku ya mahari, na mimi nitamla mwenyewe." Aliinama kuutazama mzigo wake. "Darasani ni darasani, nimeona. Lakini ukija kwangu siku ya harusi, kanga hiyo iwe kichwani. Haya, nisaidie kujitwisha, ng'ombe wananisubiri."

Scholastica alimtwisha. Alimtazama akishuka njia ya shamba, mzigo wa majani ukiyumba huku na huku, mpaka ukungu ukamfunika.

Stephano alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kigango, karatasi magotini, akikwangua matope. Alisogea hadi mwisho wa ngazi. Scholastica alikaa mwisho mwingine. Wote wawili walitazama uwanja, ambako watoto walikuwa wakiendelea kuruka na vikombe vya uji mikononi.

"Umefaulu," alisema Stephano. "Zana ni nzuri. Wimbo ni mzuri. Umelitawala darasa, pamoja na mgeni msumbufu. Ila umetoka kwenye kuruka ukaingia moja kwa moja kwenye kuchora. Watoto walikuwa bado wanahema. Ulitakiwa kuwatuliza kwanza, hata kwa hadithi fupi."

"Hapana, mkufunzi," alisema Scholastica.

Stephano akatabasamu akiwa bado anatazama uwanja. "Hapana kwa nini?"

"Kwa sababu mtoto anayehema ndiye anayechora chura aliye hai. Kamtazame yule wa sweta la kijani alichochora. Ukimtuliza kwanza, atakuchorea jiwe."

"Na yule aliyelia kwa kuwa mkono ulikuwa unamtetemeka?"

Scholastica alikuwa amemsahau yule. "Huyo mmoja nakubali," alisema. "Wengine sikubali."

"Basi tuanze na huyo mmoja," alisema Stephano, na akafunua karatasi upande wa pili kupata nafasi ya kuandika. Mwenye bodaboda alikuwa amewasha pikipiki na kupiga honi, lakini hakuna aliyeinuka.